Siku Mtungi wa Avelina Ulipooshwa

Wifi yangu Avelina simpendi, naye hanipendi, na mtaa wetu mzima wa Mazwi unalijua hilo. Siku alipoletwa na kaka yangu alinikuta nyumbani, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza, "Huyu naye anakula hapahapa?" Kaka ameshazikwa, Mungu amrehemu, na mimi bado nakula hapahapa, kwa ukaidi tu. Kwa hiyo haya hakuna aliyenisimulia. Niliyaona mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko.

Avelina anapika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, ile inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mrija. Hapo nitampa haki yake: hakuna anayeipika kama yeye. Mafundi baiskeli, vijana wa bodaboda, walimu wastaafu, hata katekista anayeingilia mlango wa nyuma, wote hujazana uani kwake. Anawatukana wakiingia, anawatukana wakitoka, na kesho yake wanarudi. Wameamua kuvumilia pilipili ya mdomo wake kwa ajili ya utamu wa pombe yake.

Siri iko kwenye mtungi. Ni mtungi wa marehemu mama yake, mweusi, mpana wa tumbo, na ndani yake umeganda ukoko wa machicha ya miaka yote. Mtungi huo hauoshwi. Ukimaliza kupakua unaufunika tu, na siku ukimimina uji wa kimea humo, uji unaanza kutokota wenyewe bila moto. Avelina hakumruhusu mtu kuusogelea. Mimi niliwahi kupigwa mwiko wa mkono kwa kuuinamia tu.

Mama yake alipofariki, mtungi ulikwenda kwa Avelina kwa kuwa ndiye mkubwa. Mdogo wake, Justina, hakupata kitu. Lakini matanga yalipokwisha, Justina naye akaanza kupika, ng'ambo ya barabara, na pombe yake ilikuwa na ladha ileile. Avelina akatangaza kwamba mdogo wake alichota machicha ya mtungi siku ya msiba, marehemu akiwa bado ndani. Mwizi! Neno hilo amelisema sokoni, kisimani na kwenye jumuiya, mbele ya padre. Justina alijibu mara moja tu, kwamba mama alimpa kwa mkono wake akiwa hai, kisha akanyamaza. Tangu hapo wanapishana kama watu wasiojuana.

Mwaka jana akaja Hellena, mtafiti kutoka chuo kikuu. Watu walimwita daktari, ingawa si daktari wa sindano bali wa vijidudu. Avelina alimpokea kama anavyompokea kila mtu.

"Umekuja kunifungia pombe? Bwana afya alishindwa, wewe ni nani?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kujifunza tu."

"Marahaba. Jifunze ukiwa umesimama, viti ni vya wateja."

Hellena akasimama. Akaeleza kwamba ndani ya ule ukoko wanaishi chachu na bakteria, wadogo kiasi kwamba jicho haliwaoni, na ndio wanaokula sukari ya kimea na kuigeuza pombe. Kila mpishi akimimina uji anawalisha. Wanaoyaweza maisha ya mtungini wanazaana, wasioyaweza wanakufa. Hivyo hivyo, kizazi juu ya kizazi, wanabadilika hadi wanakuwa wenyeji wa mtungi ule, tofauti kabisa na ndugu zao wa porini, kama ulezi wa shambani ulivyoachana na nyasi zilizouzaa.

"Na wa mtungi huu wakihamishiwa mtungi mwingine?" Avelina akauliza.

"Ukoo wao unabaki kuonekana, mama. Tukisoma vinasaba vyao, tunajua mtungi upi ni ndugu wa upi."

Nilimwona wifi yangu akiweka mwiko chini. "Kama wanavyopima mtoto na baba yake?"

"Karibu na hivyo."

"Na mwizi anajulikana?"

Hellena akacheka, akidhani ni utani. Maskini, hakujua yuko kwa nani. Akasema undugu utaonekana, ila nani alimpa nani, hilo vijidudu havisemi. Inabidi waulizwe wapishi. Avelina alisikia nusu ya kwanza tu.

Ikapangwa Jumapili baada ya misa. Avelina akamwalika Isdori, mwenyekiti wetu wa mtaa, na wanywaji wote, waje washuhudie sampuli ikichukuliwa. Justina alikuwa ameshatoa yake bila maneno. Avelina akampelekea ujumbe: "Mwambieni aanze kutafuta mtaa wa kuhamia."

Sasa kulikuwa na Evodia, mke wa Yusto, mtoto wa pekee wa Avelina. Evodia ametoka Kaoze, kwa walokole, ambako pombe haitajwi ila kwa kukemewa. Tangu aingie nyumba ile hajawahi kuitwa jina lake. Aliitwa mchafu. Akifagia, mchafu. Akifua, mchafu. Na kwa kuwa Avelina hakutaka mtu yeyote ajue upishi wake, hakumfundisha lolote. Jumamosi ile alimnyooshea kidole mbele yetu sote.

"Kesho wasomi wanakuja kuchungulia mtungi wangu. Nikikuta uchafu wako hata chembe, utalala kwenu Kaoze."

"Sawa, mama," Evodia akasema, macho chini.

Asubuhi tukaenda misa ya kwanza, mimi na wifi yangu, kila mtu na benchi lake. Tuliporudi, ua ulikuwa umefagiliwa ukafagilika, masufuria yanameta juu ya kichanja. Na mtungi ulikuwa umelazwa juani, ndani yake pekundu kama tofali jipya. Miaka yote ile sikujua kwamba ule mtungi ni mwekundu. Evodia alikuwa amepiga magoti pembeni yake, vidole vimebabuka, stilwaya mkononi, anatabasamu. Alikuwa ametumia maji ya moto, sabuni ya unga na jiki, vyote kwa pamoja.

"Ulikuwa umeganda kweli, mama," alisema. "Lakini umetakata."

Avelina alimrukia. Ilibidi Yusto amkumbatie mama yake kwa nguvu, na maneno yaliyomtoka mwanamke yule, aliyetoka kukomunika saa ileile, siwezi kuyarudia. Hellena akafika na chupa zake ndogo akakuta vita. Aliinama mtungini, akapitisha pamba, akanusa, akainuka.

"Mama, hapa hakuna kilichobaki cha kupima," alisema, na alionekana ameumia kweli.

"Basi kesi imekwisha?" Isdori akauliza.

Mnywaji mmoja akacheka, Avelina akamrushia kata. Siku hiyohiyo Evodia na Yusto wakafunga mizigo yao, wakaenda kupanga chumba mtaa mwingine. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi si mtu wa kumeza neno. Nilimwambia, "Wifi, ule mtungi umeuosha wewe kwa mdomo wako." Akaniita mchawi.

Akapika tena, uji ukaota ukungu. Akapika tena, ukachacha uchachu wa kuoza, tukawamwagia nguruwe. Mwishowe akanunua hamira dukani. Povu likapanda vizuri, nasi tukadhani mambo yametengemaa. Wateja wakavuta mirija, wakatazamana.

"Mama, leo umetupikia mkate?" kijana mmoja wa bodaboda akauliza.

Wakavuka barabara mmoja mmoja kwenda kwa Justina, mirija yao mikononi. Avelina alisimama mlangoni akiwatukana hadi wa mwisho, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyerudi. Ua ukawa wa kuku. Mwanamke yule hajui kazi nyingine, hana mume, mtoto ameondoka, na nilipomwona amekaa kimya kando ya ule mtungi safi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kelele zake.

Siku moja akavaa kitenge chake cha kanisani, akachukua kibuyu, akaniambia, "Twende." Hakusema wapi. Nilikwenda mbio, shughuli ile nisingeikosa hata ningekuwa mahututi.

Ua wa Justina ulikuwa umefurika. Yeye alikuwa akimimina maji ya moto. Alipotuona aliweka birika chini.

"Shikamoo, dada."

Avelina hakuitikia. "Nimekuja kuchukua changu."

"Kama ni chako, basi nilikiiba. Mimi sikuiba, kwa hiyo chako hapa hakipo. Kipo changu. Ukitaka changu, omba."

Wanywaji wakaacha mirija. Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwa wifi yangu. Hata Mungu huwa anamwagiza tu. Aliwatazama wanywaji mmoja mmoja, kisha akamnyooshea mdogo wake kibuyu.

"Naomba," alisema, kama anayetema mfupa.

Justina akakipokea kibuyu, akachota chini kabisa ya mtungi wake, pale penye machicha mazito, akakijaza. Hakusema karibu tena.

Chachu ikashika. Pombe ikarudi, wateja wakarudi, na matusi pia. Nikadhani yamekwisha, mpaka Juni, kwenye baridi ile ya kukata masikio, Hellena alipoingia uani na chupa zake, amefurahi.

"Nimesikia mtungi umefufuka, mama! Sasa tunaweza kulinganisha."

Akachota sampuli yake. Kisha akauliza swali analomuuliza kila mpishi. "Chachu hii, mama, ulipewa na nani?"

Jibu la Avelina la siku zote lilikuwa tayari: ni ya mama yangu. Angelisema, na vipimo vya Hellena visingelikanusha, maana ukoo ni uleule. Lakini nusu ya wanywaji waliokuwapo walikuwa kwa Justina siku ya kibuyu, na mimi pale kwenye kigoda nilikuwa nimeshafungua mdomo, niko tayari kumuumbua. Naapa nilikuwa na hamu hiyo tangu kaka yangu akiwa hai. Avelina hakumtazama Hellena. Alinitazama mimi, kwa chuki isiyojificha.

"Mdogo wangu alinipa," alisema. "Andika Justina. Niliomba, akanipa." Kisha akaokota mwiko. "Umeshapata ulichofuata, ondoka kwangu. Na ninyi mnaokenua meno, ondokeni naye."

Hakuna aliyekuwa amekenua meno. Nami nilikuwa nimeshaufumba mdomo wangu.