Aliyeitika Jina la Baba

Nilikua nikijua kwamba baba yangu alipigana vita vya Uganda. Pale kwetu Nyabiyonza kila mtu alijua. Siku ya mashujaa alikalishwa kiti cha mbele pamoja na viongozi, na watoto wa shule walimpa mkono mmoja mmoja. Yeye mwenyewe hakusema kitu. Ukimuuliza alifika wapi, aliona nini, alijibu, "Nilikwenda, nikarudi," kisha akatafuta panga lake na kwenda kupunguzia migomba majani. Tuliona ni unyenyekevu. Mama, enzi za uhai wake, alituonya tusimsumbue mtu aliyeona damu.

Baba alikuwa na kaka yake ambaye hatukumfahamu. Huyo alitoweka siku ileile baba alipochukuliwa kwenda mgambo, na kijiji kizima kilisema alikimbia asije akachukuliwa naye. Shangazi yetu, dada yao mkubwa, ndiye aliyeumia zaidi. Alipotaja jina la huyo kaka yake alitema mate pembeni. "Mdogo alikwenda, mkubwa akajificha," alisema. "Mama yetu alikufa na aibu hiyo."

Mwaka jana mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu. Mimi ni mwalimu, nafundisha Rubwera. Alisema kutakuwa na mkutano Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wazee waliopigana wataheshimiwa, na aliniomba niandike historia fupi ya baba isomwe mbele ya watu. Nilifurahi. Nilikwenda nyumbani na daftari jipya.

"Andika nilikwenda na nikarudi," baba alisema. "Inatosha."

"Baba, mistari miwili hiyo. Kikosi gani? Ulikuwa na nani?"

"Nimesahau."

"Hata mtu mmoja?"

Alinitazama kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona kwake. "Wewe mtoto, acha," alisema. Alisukuma kikombe, chai ikamwagika mezani. Nilidhani nimemkumbusha mabaya, nikaomba radhi.

Lakini sikuacha. Niliulizia kwa wengine. Mzee mmoja wa kanisa letu aliniambia kwamba waliochukuliwa siku moja na baba walikusanywa kutoka vijiji vingi, na kwamba mmoja wao yuko hai, analima kahawa Kihanga. Jumatano ya wiki ile ya mkutano niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi dogo kutoka nyumbani kwa baba, kisha bodaboda mpaka mlangoni kwake.

Nilimkuta anaanua kahawa kwenye mkeka. Mtu mrefu, mguu mmoja anauburuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mama."

Nilimweleza nimetoka Nyabiyonza na namtafuta mtu aliyekuwa vitani na baba. Nikataja majina matatu ya baba. Alikusanya kahawa yote kwenye ungo, akakunja mkeka, ndipo akaketi.

"Kumbe aliacha mtoto," alisema. "Hakuniambia kamwe."

"Alinizaa baada ya vita, mzee."

"Mwanangu, haiwezekani. Huyo nilimzika mimi."

Nilicheka kidogo, nikasema labda anamchanganya na mwingine, kwa sababu baba nilimwacha asubuhi anakunywa uji. Hakucheka. Aliingia ndani akatoka na daftari dogo lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Humo alikuwa ameandika majina ya wenzake kumi. Jina la baba lilikuwa la nne, na mbele yake msalaba.

"Alikuwaje?" niliuliza.

"Mweusi, kifua kipana. Mkono wa kushoto. Walimchapa sana mafunzoni kwa sababu ya kushika bunduki kwa kushoto. Na alikuwa na jambo moja. Ukimwita jina lake, mara nyingi haitiki mpaka umwite mara ya pili. Tulimtania kwamba ni kiziwi."

Baba hutumia mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa kaka yake. Shangazi alitusimulia tangu utotoni, namna bibi alivyomfunga mkono huo kwa kitambaa ili ajifunze kula vizuri.

Mzee yule alinieleza mengine taratibu. Walikuwa wamevuka mpaka siku nyingi. Asubuhi moja wawili walitumwa kuchota maji, na kombora likaanguka karibu na kisima. Yeye aliumia mguu, mwenzake akafa palepale. Walimzika kando ya barabara kwa jembe la kuazima. Baadaye hakujua kama mwili ulihamishwa.

Njia nzima ya kurudi nilishikilia daftari langu tupu. Zilibaki siku tatu. Mwenyekiti alinitumia ujumbe akiuliza kama historia imekamilika, sikujibu. Nilihesabu kila njia ya kunyamaza. Ningeweza kuandika mistari miwili ya baba, nikasoma, watu wakapiga makofi. Lakini shangazi angekuwa amekaa pale mbele, na angetema mate.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, nilimfuata baba migombani. Nilisema tu, "Nimetoka Kihanga. Nimeonana na aliyemzika."

Hakuuliza alimzika nani. Aliketi chini, kwenye majani makavu.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Barua ya kuitwa vitani ilikuwa yangu. Kaka alinisindikiza mpaka kwenye shule walikotukusanya, amenibebea kifurushi. Nikasema nakwenda kujisaidia. Nikapita nyuma ya vyoo, nikaingia kwenye mahindi. Sikupanga, mwanangu. Miguu ndiyo iliyokwenda. Nilikuwa nimelala kwenye mahindi nikasikia wanaita majina. Wakaita langu mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu akaitika yeye."

"Kwa nini hukutoka?"

"Kila siku najiuliza hilo."

Baba alitembea mpaka upande ambao sasa ni Kyerwa, akapokelewa na familia moja yenye asili ya Rwanda, akawalimia migomba mpaka aliposikia watu wanarudi kutoka vitani. Naye akarudi. Watu wakampokea kwa vigelegele, na yeye akawaacha wapige. Alidhani kaka yake yuko njiani, atafika, watacheka, mambo yataisha.

"Kisha ikaja barua ya kifo changu," alisema. "Mtendaji aliileta mwenyewe, anacheka. 'Serikali imekuua, bwana.' Watu wote wakacheka."

"Na wewe?"

"Nilicheka."

Nilimwambia sitasoma chochote Jumamosi. Nilimwambia pia kwamba shangazi lazima ajue, na kama hatamwambia yeye nitamwambia mimi. Sikuwahi kuongea na baba hivyo. Aliniuliza kama watamfunga. Nikasema sijui. Ni kweli sikujua.

Ijumaa asubuhi tulikwenda kwa shangazi pamoja. Alikuwa kibarazani anachambua maharage. Baba hakuketi kwenye kiti alichopewa. Alipiga magoti sakafuni, mzee mzima, akasema yote bila kupumzika, tangu mahindi mpaka barua. Shangazi aliendelea kuchambua. Vidole vyake havikusimama, ila niliona anatupa maharage mazima pamoja na mabovu.

Baba alipomaliza, nilisikia kuku wanaparua nyuma ya jiko.

"Siku ile ya barua," shangazi alisema, "ulicheka."

"Nilicheka, dada."

"Na mimi nilicheka." Akaweka ungo chini. "Nilimcheka ndugu yangu amekufa."

Aliinuka akaenda uwanjani, akapiga yowe. Sijasikia yowe kama lile. Majirani walikuja mbio kutoka pande zote, wengine na majembe mkononi, wakiuliza nani amefariki. "Kaka yangu," alisema, na wakamtazama baba aliye hai, wasielewe. Shangazi hakuwaeleza. Alimwelekezea baba kidole. Kila kundi lililofika, ilibidi baba asimame na kusema upya: mimi sikwenda, aliyekwenda ni yeye. Nilihesabu mara saba, kisha nikaacha. Kufikia adhuhuri sauti yake ilikuwa imekauka, na hakuna aliyekuwa akimpa kiti.

Mwenyekiti naye alikuja, akasikiliza, akavua kofia. Mkutano ulifanyika bila sisi. Hakuna aliyekuja kumfunga baba, lakini watu wawili aliokuwa akinywa nao rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila Jumapili walibadili njia wasikutane naye.

Wazee walisema aliyefia mbali azikwe kwa shina la mgomba lililofungwa sanda, mahali pa mwili wake. Mchungaji alisita, kisha akakubali kuja kusali. Vijana walifika na sululu, baba akawaomba wakae pembeni. Alichimba peke yake, kuanzia asubuhi, kwenye kibanja cha bibi, shamba lake la migomba. Kila alipopumzika nilidhani ataanguka. Mzee wa Kihanga alikuwa amekuja, ameketi kwenye benchi na mguu wake umenyooka. Shangazi alisimama ukingoni na fimbo yake muda wote.

Kaburi lilipofika kifuani, baba hakuweza kutoka. Vijana wawili walimshika makwapa wakamvuta juu. Alisimama na udongo mpaka kwenye nyusi, mikono imechubuka, hajui aende wapi.

Shangazi, ambaye hakuwa amemsemesha tangu Ijumaa, alimtazama. Kisha akanigeukia mimi.

"Mpe baba yako maji anawe," alisema. "Halafu aje amshike kaka yake upande wa kichwa."