Mwenzangu wa Kuchekesha

Miaka ya hamsini ilikuwa imefika katikati nilipoolewa na kuhamia Mbeya, na nilichokikosa kuliko vyote ni kelele za Mlandege, mtaa wetu. Kwetu Iringa tulikuwa watu wa biashara. Wazee wetu walipanda kutoka pwani na vitambaa, wakauza, wakaoa, wakabaki, na jioni haikupita bila shangazi zangu kutaniana barazani. Mbeya nilikuta ukungu, baridi ya kuuma masikio, na mume mpole, fundi cherehani, aliyerudi nyumbani kimya kama alivyoondoka.

Ndiyo maana nilikimbilia klabu ya akina mama. Tulifundishwa kufuma na kuoka mkate, na sikukuu ikikaribia, kiongozi wetu alitaka kichekesho. Mimi nilijulikana kwa mdomo, nikachaguliwa mara moja. Mwenzangu alichaguliwa kwa kuwa siku ile alikaa karibu na mlango. Alikuwa Mhehe wa upande wa Igowole, Mlutheri, mwanamke mpana mwenye mwendo wa taratibu, aliyeishi Uyole, nje kidogo ya mji, na mumewe dereva wa lori. Alinizidi umri kama dada wa kwanza anavyomzidi kitindamimba. Sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "kamwene", salamu ya kwao.

Kichekesho nilikitunga mimi: majirani wawili wanagombea kuku aliyeingia jikoni kwa mmoja wao. Nilimfundisha maneno yake, nikarudia na kurudia. Kila nikimaliza ananijibu, "Nimesikia, dada." Kumbe kusikia si kukubali.

Siku yenyewe nilisema maneno yangu ya mwanzo, nikamngojea. Akaingia na tenga tupu, kimya. Akachungulia chini ya kigoda changu. Akanizunguka. Akainua upindo wa kanga yangu kwa vidole viwili, akatazama, akaushusha kwa adabu zote. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hapo ndipo alipofungua kinywa.

"Kuku yangu iko wapi?"

Maneno niliyomfundisha hayakuwa hayo. Kwa hasira yakanitoka ya kwetu barazani: "Haisemwi hivyo! Sema kuku wangu yuko wapi."

Akanitazama kwa huruma. "Iwe wangu, iwe yangu, si umeshaikula?"

Kuna waliotoka nje kwa kucheka. Tulipofika nyuma ya pazia nilimkabili. "Kwa nini hukusema tuliyopatana?"

"Tulipatana lini? Wewe ulisema, mimi nikasikia."

Tangu hapo tukawa tunaitwa kila mahali: sherehe za mavuno, harusi, hata gulioni Uyole, tukisimama kati ya mafungu ya viazi. Mimi nilitunga, yeye akaharibu, watu wakacheka. Hatukuwa marafiki. Sokoni tulisalimiana, kila mtu akashika njia yake.

Kisha binti wa mama yangu mdogo akaposwa, na kwetu Mlandege wakataka tukachekeshe kwenye sherehe ya wanawake. Tulisafiri kwa lori la mumewe, juu ya magunia ya mchele, yeye akila viazi vya kuchemsha na kunimenyea kimoja kimoja bila kuniuliza kama nataka. Nilikuwa na furaha ya kwenda kwetu. Nilitaka wanione.

Ukumbini walijaa jamaa zangu, wamevaa vizuri, wamejifukiza udi. Mwenzangu akaingia na tenga lake na viatu vilivyojaa vumbi la safari. Akachungulia, akazunguka, akasema, "Kuku yangu iko wapi?" Kabla sijajibu, shangazi yangu mkubwa, aliyekaa mbele kabisa, akauliza kwa sauti yake ya puani, "Huyu mshamba kaokotwa wapi?"

Wakacheka. Lakini kicheko kile hakikuwa cha kuku. Walikicheka kinywa chake na miguu yake, na yeye alijua. Alisimama tu, tenga mkononi, uso hauna kitu.

Sikufikiri. Nilisema, "Kuku yako? Imeingia kwa nyumba ya mimi, imekula unga ya mimi yote."

Mama yangu aliyenizaa akashika kichwa. Mwenzangu akaweka tenga chini polepole, akajifunga kanga kama shangazi alivyojifunga, akainua kidevu kama shangazi alivyokiinua, na kwa sauti ile ile ya puani akaniuliza:

"Huyu mshamba kaokotwa wapi?"

Macho yote yakamgeukia shangazi. Shangazi akajishika mbavu, akacheka hadi machozi yakamharibia wanja, na baada yake ukumbi mzima. Kuku alisahaulika. Kila tulipojaribu kuendelea walidai sauti ya shangazi.

Baadaye tulikaa uani na sahani ya pilau. Nilidhani atanishukuru.

"Siku nyingine usiniokoe bila kuniambia," alisema.

"Nisingefanya vile ungefanyaje?"

"Ningewatazama mpaka wachoke. Mimi nina subira." Akatafuna kidogo. "Lakini 'unga ya mimi' ilikuwa nzuri. Hiyo tuibakize."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kukubali neno langu lolote. Tulikuwa bado tunakula shangazi alipokuja mwenyewe na kipande kinono cha nyama, akakiweka kwenye sahani upande wa mwenzangu, akachuchumaa. "Hebu niigize tena, mwanangu." Akamwigiza tena, mdomo umejaa wali, na shangazi akamrekebisha namna ya kushika kanga.

Tulichekesha pamoja miaka mingine kadhaa. Hakukubali kufanya mazoezi hata siku moja, nami sikuacha kutunga. Nilizaa, nikarudi ukumbini na mtoto mgongoni, na yeye akamwingiza mtoto katika mchezo bila ruhusa yangu. Tuligombana njia nzima siku ile, tukishuka kuelekea stendi, mvua ya rasharasha ikitunyeshea, na watu waliotupita wakasimama kutusikiliza wakidhani bado tunacheza. Aliwaona kabla yangu. Akanifunika mimi na mtoto kwa mwavuli wake, akapaza sauti kidogo, tukaendelea kugombana.