Disketi Niliyoipeleka Shinyanga

Kaka yangu alifariki wakati wa mvua, na kibanda chake cha uchapaji kikabaki kwangu kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kukichukua. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Kuchapa nilijifunza kwake, kwa kukaa pembeni na kutazama. Nilianza na kidole kimoja, baadaye viwili. Vidole kumi kama yeye sijafikia mpaka leo.

Kibanda kilikuwa katika mji mdogo wa wachimbaji wa dhahabu, upande wa Geita. Mtu angedhani kazi kubwa ya mchapaji pale ni mikataba ya maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Mikataba ilikuwepo, lakini wengi waliaminiana kwa mdomo. Kazi iliyokuja bila kukosa ilikuwa wasifu wa marehemu. Wachimbaji walitoka kila upande, Singida, Kigoma, Mara, hata Songea. Mmoja akifa, wenzake walikuja na nguo zile zile za shimoni, wakasimama mlangoni na kusema, "Tumekuja kumwandikia." Kaka aliwauliza alizaliwa wapi, alifikaje hapa, alipenda kula nini, alikuwa anaimba nini. Mara nyingi walijua jina la utani na mkoa tu. Aliwazungushia maswali mpaka wakakumbuka mengine.

Karatasi ilisomwa kaburini. Nakala ilibaki kwenye disketi. Aliwaambia, "Ndugu zake wakija, hata baada ya mwaka, waleteni hapa. Wasifu haupotei."

Na ndugu walikuwa wanakuja. Wengine walifika wakati kaburi limeshaota majani, na kitu pekee cha kurudi nacho nyumbani kilikuwa karatasi ile.

Kompyuta yake aliachiwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ilikuwa kama sanduku, kioo kidogo na mwili pamoja, na haikuwa na mahali pa kuhifadhi kitu ndani yake. Kila kitu kilikaa kwenye disketi. Ilikuwa ya aina yake, tofauti na zote zilizokuwa zikiingia maofisini. Tuliiita ya misheni, zile nyingine tukaziita za ofisini. Disketi ya ofisini haikufunguka kwetu, na yetu haikufunguka kwao. Karani mmoja wa serikali aliwahi kuniambia, "Dada, hiyo kompyuta yako inaongea Kilatini. Tafuta ya watu walio hai."

Alikuwa anatania, lakini wateja wa ofisini walishaanza kupungua, na sanduku lile bila jenereta lilikuwa kama kiti. Nikaamua kuhamia upande wa pili. Nilisikia Shinyanga mjini kuna mtu anauza laptopu iliyotumika, yenye betri yake.

Kabla sijaondoka ulikuja ujumbe. Mnunuzi wa ng'ombe aliyekuwa anazunguka huku na Mhunze aliniambia kwamba kuna mzee wa huko atakuja mwisho wa mwezi. Kijana wake alifukiwa na duara mwaka uliopita, akazikwa kwetu. Habari zilimfikia baba wakati mazishi yameshapita. Sasa ukoo ulikuwa unataka kumaliza msiba nyumbani, na walitaka wasifu usomwe. Karatasi iliyosomwa kaburini ilikaa kwenye mfuko wa shati la kiongozi wa duara, ikaloa mvua, ikawa tope. Ilibaki ile ya kwenye disketi, pamoja na nyingine za mwisho ambazo kaka aliandika kabla hajaugua.

Nilipanda lori mpaka Kahama, nikalala, kesho yake nikapanda basi lililopitia Kagongwa. Mfukoni nilikuwa na disketi moja, na ilikuwa hiyo.

Nieleze kwa nini. Kwetu machimboni hakuna anayenunua mchanga bila kuosha sampuli mbele ya macho yake. Na sampuli haitoki kwa muuzaji. Muuzaji anaweza kuwa na kiganja cha mchanga mzuri mfukoni, akakumwagia kwenye karai, ukaona dhahabu inang'aa, ukalipa, kumbe gunia zima ni udongo. Unachota mwenyewe, katikati ya gunia, na unachota kile unachokitegemea. Hivyo ndivyo tulivyonunua kila kitu, hata redio na tochi. Nikaona kama laptopu itanifaa, basi ijaribiwe kwa kitu chenyewe ninachokihitaji kuliko vyote.

Duka lilikuwa la familia ya Kihindi iliyokaa Shinyanga tangu enzi za babu zao. Mbele waliuza vitambaa na vipuri vya baiskeli, nyuma vyombo vya umeme. Mwenye duka alikuwa mtu mzima, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Nilikunja goti kidogo nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mama. Umetoka mbali, viatu vinasema."

"Natoka Geita, machimboni."

"Basi leo nimekwisha," akamwambia mkewe aliyekuwa anapima kitambaa. "Watu wa dhahabu hawa. Hata kiberiti wanataka kukiwasha kwanza."

Akaitoa. Ilikuwa ya kijivu, nzito kama tofali bichi, pembe moja imezungushiwa utepe mweusi, na herufi moja imefutika kwa kuguswa sana. Alisema ilikuwa ya mhasibu wa kiwanda cha kuchambua pamba, akahamishwa.

"Betri?" nikauliza.

"Nusu saa. Sikudanganyi. Ukimsikia mtu anakwambia masaa mawili, huyo hakutakii mema."

Nikamwonyesha disketi yangu, nikauliza kama itasomeka. Akavaa miwani, akaigeuzageuza.

"Hii ya aina ile nyingine? Sidhani, mama. Mashine hizi mbili ni kama nyumba kubwa na nyumba ndogo. Zinajuana, lakini hazisalimiani."

"Na wewe nyumba ndogo umezijulia wapi?" mkewe akauliza bila kuinua uso kwenye kitambaa.

"Kwa wateja, mama watoto. Wateja wanaongea."

Akafungua droo, akanipa disketi mpya. "Jaribu na hii. Haina kitu, haina hasara."

Nikakataa. Nikamwambia kwetu hatuoshi sampuli ya muuzaji. Akacheka, akasema sawa, fanya utakavyo. Hapo mteja akamwita kwa ajili ya tairi la baiskeli, akaenda mbele.

Niliingiza disketi yangu. Kwenye kioo likatokea swali la Kiingereza. Nililijua neno la disketi, nililijua neno la sasa, na niliijua ndiyo na hapana. Katikati kulikuwa na neno nisilolijua. Ningeweza kumsubiri. Lakini sisi tulilelewa hivi: ukimwendea mtu na shida yako, naye akakuuliza jambo, unaitika kwanza. Kusema hapana mbele ya mtu unayemwomba ni utovu wa adabu. Nami nilikuwa nimekwenda pale kuomba. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, nikabonyeza ndiyo tena. Ikaanza kuunguruma kidogo na mstari ukawa unarefuka kwenye kioo. Nilifurahi. Nilidhani inasoma.

Mwenye duka aliporudi mstari ulikuwa umefika mwisho.

"Inasoma," nikamwambia.

Akainama, akatazama, akavua miwani. "Mama, umebonyeza nini?"

"Nimeijibu."

"Ilikuuliza nini?"

"Sikuelewa yote."

"Na ukajibu?"

"Nikajibu ndiyo."

Akavuta kiti akaniwekea. "Ilikuwa inauliza kama iisafishe hii disketi, kwa sababu haiitambui. Imeisafisha. Sasa ni kama ile niliyokupa mimi. Ndani kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na msiba wa mtu," nikasema.

Mkewe akaacha kupima. Mwenye duka akasema pole, akasema kwamba yeye hamjui mtu yeyote wa kuvirudisha vilivyokuwemo. Hata hivyo nikainunua laptopu. Watu wengi niliowasimulia huniuliza kwa nini. Ilikuwa nzima. Ilifanya kile kile nilichoiambia ifanye, na sikuona sababu ya kuikataa kwa hilo.

Nyumbani nilimweleza jirani yangu, mama muuza chai. Alisikiliza huku anakaanga maandazi.

"Mwambie huyo mzee disketi iliharibika kaka yako alipokuwa anaumwa," akasema. "Marehemu hatabisha."

"Lakini haikuharibika wakati huo."

"Najua haikuharibika. Nakufundisha kusema."

"Kaka ndiye aliyewaambia watu wasifu haupotei."

"Basi mstaarabu wewe, ngoja uone mzee wa Kisukuma akiinuka na fimbo."

Mzee alikuja Jumamosi asubuhi, peke yake, koti zito na kofia. Fimbo alikuwa nayo kweli. Nilipiga magoti nikamwamkia.

"Marahaba, mayu," akasema. Kwetu mwanamke huitwa mayu, yaani mama, hata na mtu wa umri wa baba yake. Akakaa. "Nimekuja kumchukua kijana wangu."

Nilimwambia kabla chai haijafika. Nilimweleza sampuli, swali, na jibu langu. Akaitazama laptopu.

"Hicho ndicho kilichomfuta?"

"Hicho hakina kosa, baba. Ni mimi."

"Basi nikuulize wewe. Siku wanamzika ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisikia yaliyosomwa?"

"Nilisikia."

"Niambie."

Nilimwambia nilichokumbuka. Kwamba kijana alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kutoka Maganzo, alikokuwa anachimba almasi. Kwamba aliimba wakati anateremshwa shimoni kwa kamba. Kwamba alipenda ugali uliolala, kwa maziwa.

"Na mengine?"

"Yalikuwepo, ukurasa mzima. Siyakumbuki."

"Basi andika alikuwa mchapakazi, mpole, mcha Mungu. Ndivyo huandikwa."

"Ndivyo huandikwa, baba. Lakini kaka yangu hakuandika hivyo, hilo nalikumbuka. Na mimi sijui kama alikuwa mpole."

Mzee akacheka kidogo, puani. "Hakuwa mpole. Alinivunjia mlango."

"Niandike?"

"Usiandike." Akanywa chai. "Au andika. Alikuwa mdogo, nimemfungia ndani asiende ngomani. Akavunja mlango, akaenda. Asubuhi akaja kuutengeneza, akautengeneza vibaya. Mpaka leo unalia."

Tulianza hapo. Alikaa siku mbili, analala kwa mama muuza chai, ambaye hakuiogopa tena ile fimbo. Tulikwenda pamoja machimboni. Wachimbaji wawili waliofanya kazi na kijana wake walikuwa wameshahamia machimbo mengine. Tulimkuta mmoja, na mama lishe aliyekuwa anawapikia. Niliwauliza maswali ya kaka, kwa mpangilio wake, na pale walipokwama niliwazungushia kama yeye, ingawa si kwa ustadi wake.

"Huku aliniambia yuko dukani," mzee alisema. "Alituma salamu kwamba anauza sukari."

"Sukari, mzee?" yule mchimbaji akasema. "Sukari alikuwa anainunua tu. Chai yake ilikuwa nzito kama uji."

Mama lishe akakubali, akasema alishawahi kumfichia kopo la sukari. Mzee akaniambia niandike na hilo.

Niliandika kwenye laptopu, kwa vipande, kwa sababu ya betri. Ilikuwa kazi ya kwanza kuandikwa humo. Nilipotaka kuichapa kwenye karatasi, printa yetu ya zamani haikukubali. Ilikuwa ya upande wa misheni nayo, waya wake haukuwa na pa kuingia. Kwa hiyo nikachukua karatasi za mistari na kalamu, nikanakili kutoka kwenye kioo mpaka nikamaliza. Mzee alikaa karibu, kando ya mlango ili mwanga unifikie.

Wasifu huu ulikuwa mrefu kuliko wa kaka. Kaka hakuwa na baba wa marehemu wa kumuuliza. Lakini sisemi ulikuwa bora. Ule ulikuwa na maneno yake, ya mwezi wake wa mwisho wa kazi, na hayo hakuwa nayo mzee wala mimi. Disketi nyingine zote nilianza kuzisoma kwenye sanduku la misheni na kuzichapa upya kwenye laptopu, moja moja, mashine mbili zikiwa mezani pamoja. Ilinichukua zaidi ya mwaka.

Mwisho wa karatasi ya mzee niliongeza mistari miwili. Niliandika kwamba wasifu wa kwanza uliandikwa na mchapaji ambaye naye sasa ni marehemu, na kwamba ulifutwa na dada yake, kwa kutojua.

Mzee aliniambia nimsomee mara mbili.

"Hii itasomwa mbele za watu," akasema.

"Najua, baba."

"Kule kwetu watauliza huyo dada ni nani."

"Wakiuliza, mwambie anayesoma awaambie. Ila karatasi ni yako. Ukitaka unaweza kuukata huo upande wa chini."

Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya koti. Hakuikata mbele yangu.

Baada ya mavuno mnunuzi wa ng'ombe alipita tena. Alikuwepo Mhunze siku ile ya kumaliza msiba. Alisema aliyesoma alikuwa mwalimu, na alipofika kwenye mistari ile ya mwisho alinyamaza, akamtazama mzee. Mzee akamwashiria kwa mkono aendelee. Akasoma yote.

"Watu walisemaje?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyeuliza huyo dada ni nani. Waliinuka, wakaenda kula."