Marehemu Aliyetoka Kwenye Kinanda

Ndugu wasomaji, ketini vizuri. Nataka kuwasimulia siku ambayo kinanda cha kanisa kilikohoa, kikamwaga marehemu kifuani mwa mama yangu.

Sijakosea kuandika. Marehemu.

Ilikuwa Birmingham, Uingereza, kiangazi cha 2018. Nilikuwa nimetoka shule ya bweni Kisumu kuja kuishi na Mama, anayeitwa Achieng, mhudumu katika makao ya wanajeshi wastaafu. Alinipeleka kazini kwake kila siku. Si kwa mapenzi. Aliogopa nikibaki nyumbani peke yangu.

Alikuwa na sababu. Wiki ya kwanza tu, nilikuwa nimemjazia mlinzi biskuti zake dawa ya meno.

Makao yale yalikuwa na kanisa dogo, na ndani yake kinanda cha mabomba kilichozeeka kuliko mtu yeyote mle. Kilijaza ukuta mzima, kuanzia mabomba membamba kama filimbi hadi moja la mbao, pana kama mlango wa choo.

Aliyekipiga ni Mzee Cleopas, Mjaluo wa Alego. Alipigana vita vya Malaya akiwa askari wa jeshi la mkoloni, akaoa huku Uingereza, akafiwa na mke huku. Siku ya kwanza aliniuliza nyumbani ni wapi, tukafika hadi jina la babu yangu. Kisha akaniambia nikigusa kinanda chake atanivunja vidole, na nisilie.

Sasa kinanda kikauzwa. Jumapili, baada ya ibada, mnunuzi akaja kukijaribu. Wazee walisukumwa kwenye viti vyao vya magurudumu ili wakisikie mara ya mwisho. Mama alikaa mbele na blauzi yake nyeupe.

Mnunuzi alijaribu sauti moja baada ya nyingine. Mzee Cleopas alisimama kando, jasho linamtiririka. Walipofikia bomba kubwa, akamshika mkono na kumwambia hilo ni bovu. Mnunuzi akacheka, akasema ndiyo maana amekuja kukijaribu, akakanyaga pedali.

Kinanda kikakohoa.

Wingu la kijivu likatoka kwenye mdomo wa bomba, likatua juu ya Mama, juu ya kapeti, juu ya chai ya wazee.

Kanisa zima likanigeukia mimi.

Walidhani ni unga nilioutia mimi. Nilisimama, nikaweka mkono kifuani kama kiranja mkuu, nikatangaza kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu sina hatia. Mama hakutaka hotuba. Aliniletea mwenyewe mashine ya kufyonza vumbi.

"Fyonza yote. Tutaongea nyumbani."

Nikafyonza. Nilikuwa namalizia kapeti niliposikia fimbo ikigonga sakafu.

"Zima hiyo kitu, mtoto wa Achieng," alisema Mzee Cleopas. "Huyo ni Jagdish."

Jagdish alikuwa jirani yake wa chumba, sajenti mstaafu, Mhindi mzaliwa wa Nairobi. Wawili hao walizoea kukaa kwenye korido wakiwasengenya wote kwa Kiswahili bila wasiwasi. Milipuko ya mizinga vitani ilikuwa imemla Jagdish masikio, hivyo wakati wa ibada aliegemeza mgongo kwenye lile bomba kubwa, nyimbo zimwingie kupitia mifupa.

Hakuwa na mtoto wala ndugu. Kabla ya kufa alimwomba Cleopas jambo moja tu: akishachomwa, majivu yake yamwagwe kwenye maji yanayokimbia.

Cleopas aliapa. Kisha akashindwa.

"Kwetu mtu hamwagwi," alimwambia Mama. "Mtu analazwa ardhini, watoto wanapajua pale. Ningemwagaje rafiki yangu kama maji ya vyombo? Nikamweka mahali alipopapenda."

Mama aliitazama blauzi yake. Sijawahi kuona mtu akiogopa nguo aliyoivaa.

"Kinanda kinaondoka kesho," alisema hatimaye. "Tunampeleka leo."

Yaliyobaki ndani ya bomba tuliyachota kwa kijiko cha supu. Nilimsukuma Mzee kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye mfereji nyuma ya makao. Mama alikuwa amebadili nguo, blauzi ameishika mbali na mwili.

Mzee akamwaga.

Majivu yakatua juu ya maji, yakakaa hapohapo. Mifereji ya Birmingham ilichimbwa kubebea mashua. Pale, maji yalitulia kama ya beseni. Katika watu watatu, hakuna aliyekuwa amewaza hilo.

Bata akaja, akaonja.

Mzee alishuka kwenye kiti, akapiga magoti, akaanza kuyasukuma maji kwa fimbo. "Nenda," alikuwa akisema. "Jagdish, nenda bwana." Maji yalijikunja na kurudi palepale. Mama alimshika mabega. Fimbo haikuacha.

Ndipo nikakumbuka mfuko wa ile mashine ya kufyonza.

Jumatatu nilipanda basi hadi Perry Barr, ambako mto Tame unapita, mwembamba na mchafu, lakini unakimbia. Niliukung'uta mfuko wote: majivu, makombo ya biskuti, nywele, nta ya mishumaa. Blauzi ya Mama nikaisuuza hapohapo. Sikufanya mzaha wowote.

Niliporudi, Mzee alikuwa kanisani mbele ya ukuta mtupu. Bomba kubwa lilikuwa limelazwa sakafuni, limefungwa blanketi na kamba.

"Maji yalikimbia?"

"Yalikimbia, Mzee."

"Na uliyemmwaga alikuwa yeye, au uchafu wa kapeti?"

Mimi, niliyewahi kuwadanganya walimu wakuu wawili kwa siku moja, nilikosa uongo.

"Sijui, Mzee. Vilikuwa vimechanganyika."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi wingi wake bado uko mferejini kwa bata. Nipeleke."

Nilimpeleka siku hiyo, na karibu kila siku ya kiangazi kile. Kila mara alipiga magoti, akakoroga maji, hata majivu yalipokuwa yamezama kitambo. Baridi ilipoanza, magoti yalikataa kupinda. Akawa anakoroga kutoka kitini, fimbo haifiki majini.

Marehemu akikuachia neno, lifuate alivyolisema yeye, hata kama moyo wako unakataa. Ukimfanyia yale yanayokutuliza wewe, ujue umejifanyia mwenyewe, na yeye bado anasubiri.