Petali Iliyobaki

Enzi zetu kule Mkongo, binti hakuolewa mpaka cherehani ya mama yake ichoke. Wenzangu mliokulia bondeni mnajua ninachosema. Mashuka ya harusi hayakununuliwa. Yalidariziwa nyumbani, na majirani walitambua kwa mlio tu kwamba nyumba fulani ina jambo. Mlio wa kushona kanzu ulikwenda moja kwa moja. Wa kudarizi ulikwenda, ukasita, ukaenda tena, kama mtu anayetafuta neno.

Mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa mkulima kama mama wote wa kule. Msimu wa mpunga tulihamia shambani, tukalala juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, sisi watoto tukifukuza ndege tangu alfajiri mpaka koo zinakauka. Mavuno yakiisha tulirudi kijijini tukitafuna pepeta za mpunga uliokaangwa na kutwangwa, naye akaifunua cherehani yake. Hapo ndipo raha yangu ilipoanza. Alikifungua kile kiatu kinachobana kitambaa, akayafunika meno ya chini kwa kibati, ili kitambaa kiende atakako yeye, si itakako mashine. Kisha akatoa fremu.

Fremu yenyewe ilikuwa maduara mawili ya mti wa mkoko, aliyokunjiwa na mjomba wangu aliyeishi huko chini deltani. Lile la ndani Mama alilizungushia utepe wa kanga kuukuu ili kitambaa cha bafta kisiteleze. Aliitandaza bafta juu ya duara kubwa, akalizamisha dogo ndani yake, kisha akazunguka pembeni akivuta kidogo huku, kidogo kule, akifuata nyuzi zilivyofumwa. Kazi yangu ilikuwa kushikilia. Nikivuta kwa pupa nilipata kikonzi.

“Kitambaa hakivutwi kwa hasira,” alizoea kusema. “Leo ua litakaa vizuri, kesho ukilitoa kwenye fremu litakunja uso.”

Akimaliza alikigonga kwa kidole. Kikilia kama kigoma, tuliendelea. Kisipolia, tulianza upya. Chini yake tuliweka gazeti la zamani kitambaa kisijikunje, na jioni nililichomoa kwa kucha nikisoma habari zilizokatika katikati. Mpaka leo sijui zile habari ziliishia wapi.

Zamu yangu ya kuolewa ilipofika, alinidarizia maua mekundu na maneno “Lala salama” kwenye foronya. Siku ya kufunga sanduku nikaona ua moja lina petali tupu, imechorwa kwa kaboni tu. Nikamwambia amesahau.

“Sijasahau,” akasema. “Hiyo utakuja nayo.”

Kumbe ndivyo alivyofanyiwa na bibi, na bibi na mama yake. Basi kila Idi nilitoka Kibiti, nilikoolewa, na foronya mkobani ili aimalizie. Mama aliibana kwenye fremu, akaigonga, ikalia. Akashona mishono michache, kisha udhuru ukaja: uzi huu mwekundu sio wenyewe, macho yanauma, wageni wanabisha hodi. Tukapika kambale kwa nazi, tukazungumza, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Asubuhi ya safari nikiikunja foronya yangu, nilikuta hata ile mishono michache imefumuliwa. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Nilirudi hivyo miaka yote, mpaka masika aliyofariki. Petali bado ni tupu. Nina hamu na mama yangu, sina namna nyingine ya kusema.

Siku hizi nina duka hapa Kibiti, tunadarizi kanzu na nembo za masweta ya shule. Mashine ni ya kompyuta, na fremu zake zina sumaku. Ukizikutanisha tu zinajibana zenyewe. Nazipenda, sitadanganya, mgongo wangu unazishukuru. Lakini vijana wangu hawagongi kitambaa. Wanaangalia kioo cha mashine, kikisema sawa wanaamini. Umeme ukikatika wanatazamana kama vifaranga waliopotezana na mama yao. Binti yangu Sauda aliwahi kuikuta foronya yangu sandukuni, akanihurumia, akataka kuimalizia kwa mashine. Dakika moja tu, Mama, aliniambia. Niliichukua mikononi mwake nikairudisha sandukuni.

Sasa Sauda anaolewa, mume yuko Mtwara. Mashuka yake ameyadarizi mwenyewe, mchana mmoja, huku akichezea simu. Nikimwambia Mtwara ni mbali ananicheka, anasema tutaonana kila siku kwenye simu. Kwenye simu nitauona uso wake, ni kweli. Lakini sisi enzi zetu, mtu ukimkumbuka mama yako ulipanda gari ukaenda, ukala mkononi mwake.

Foronya yake nilimwambia aniachie mimi. Niliitega kwenye fremu, nikavuta kidogo huku, kidogo kule, nikagonga. Ikalia. Mashine ikajaza ua baada ya ua bila kusita hata mara moja, na ilipoifikia petali ya mwisho nikaisimamisha. Ikaanza kupiga kelele kudai kazi haijaisha. Sauda akaja mbio, akainama kutazama.

“Mama, imebaki petali moja.”

“Najua,” nikamwambia. “Hiyo utakuja nayo.”