Nimeenda kununua pikapu, nimerudi bila jino

Leo nimepigwa kama mwizi, na gari yenyewe hata sijainunua.

Nilienda Manyamanyama kuangalia pikapu. Mzee anayeiuza akasema imetembea kilometa laki nne tu. TU, jamani!
"Izungushe, uisikilize mwenyewe," akanipa ufunguo.

Kabla sijafika barabarani, mke wake akatoka jikoni na mwiko, akapiga yowe.
Yowe la huku kwetu mnalijua. Watu hawaulizagi, wanakuja na fimbo.

Nikaogopa, nikakanyaga mafuta. Pikapu ikazima.

Watu wakanitoa kupitia dirishani. Fimbo ya kwanza mgongoni, ya pili ikanipasua mdomo.

Mzee akaja mbio. "Mwacheni, ni mnunuzi!"

"Mnunuzi?" Mama akamgeukia. "Unauza gari ya marehemu baba yangu, aliyoinunua kwa pamba yake enzi za ruksa?"
Mwiko ukatua usoni kwa mzee. Fimbo zote zikahamia kwake, akaangukia kwenye gurudumu.

Ndipo mama akaniletea maji ninawe damu.
"Pole mwanangu. Lile yowe nilimpigia huyu."

Mngekuwa nyie mngejibu nini? Mimi nilikuwa nimeinama natafuta jino langu.