Mwalimu Mkuu Kwenye Pamba ya Baba

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia kijijini kwetu Mwamapalala na magari yao, na baba yangu akapata wazimu wa pamba. Alilima karibu mara mbili ya shamba la mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa darasa la saba, mtihani umekaribia, na yeye akatangaza kwamba sitatia mguu shuleni hadi pamba yote iishe shambani. Kaka zangu waliendelea kwenda. Nilinuna wiki nzima, na kununa nakujua.

Shule yetu ilikuwa imepata mwalimu mkuu mwanamke, wa kwanza tuliyewahi kumwona. Wanaume kijijini walikuwa wanasubiri ashindwe. Asubuhi moja akatokea shambani kwetu na darasa zima, wanaimba.

"Mwangaluka, baba," alisalimu kwa Kisukuma chake cha kubahatisha. "Ulisema pamba ikiisha anarudi. Tumekuja kuimaliza."

Baba alichekelea. Vibarua wa bure nani awakatae? Akaenda zake kunywesha ng'ombe. Wenzangu walichuma kwa mashindano, mstari kwa mstari, na kufikia saa saba mchana shamba lilikuwa tupu. Nilifurahi kupita kiasi, mpaka baba aliporudi akaona lundo.

Mwalimu alikulia kwenye kahawa na migomba. Hakujua kwamba pamba nyeupe, iitwayo safi, huwekwa mbali na ile ya njano yenye majani, iitwayo fifi, na kwamba zikichanganyika mnunuzi hulipa yote kwa bei ya fifi. Aliagiza yote imwagwe mahali pamoja, na sisi tuliojua tulinyamaza, maana mwalimu mkuu habishiwi.

"Mwalimu, umeniua," baba alisema. "Sasa huyu haendi popote. Atachambua mpaka iishe."

Nikaangua kilio. Sioni haya kusema kwamba dakika ile nilimchukia baba, na mwalimu pia nilimchukia kidogo.

Mwalimu akavua viatu, akaketi chini kando ya lundo, akaniuliza ipi safi, ipi fifi. Akaanza kuchambua.

"Inuka, mwalimu," baba alimsihi huku akitazama njiani. "Watu watanionaje?"

"Niliyeharibu ni mimi, baba. Nitachambua mimi, mtoto asome."

Hapo mama, ambaye mbele ya baba hakuwa na neno zaidi ya ndiyo, akaja akaketi ubavuni pa mwalimu. Alichambua kiganja kimoja, akachambua cha pili. Kisha akasema bila kuinua uso:

"Ng'wanone, huyu mwanangu, kesho anaenda shule. Hii pamba ni yetu mimi na wewe."

Sikuwahi kumsikia mama akimwambia baba hivyo. Baba alimtazama, akamtazama mwalimu, akakuna kichwa.

"Kumbe nina walimu wakuu wawili," alisema, na yeye akaketi.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la khanga. Mimi nikakimbia kufua sketi yangu ya shule.